Mama Swichi na Mwanafunzi wa Kiti cha Nyuma

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkuu wa Kitengo cha Mitambo ya Kufundishia atafunga mlango wa studio yetu na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika chuo hiki. Majina yake matatu yataandikwa kwenye cheti atakachopewa jukwaani, lakini ni wachache humu ndani wanaoyafahamu. Sisi tunamjua kama Mama Swichi, jina alilolipata mwaka wake wa kwanza kazini kwa ajili ya swali lake moja. Ukimpigia simu kwamba projekta imekufa, kompyuta imegoma, au spika inakoroma kama mzee mwenye mafua, atakuacha umalize malalamiko yako yote, kisha atauliza kwa upole, "Swichi umewasha?" Mara nyingi ulikuwa hujawasha.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba mwenye diploma ya ufundi wa redio. Wakati huo mitambo yote ya kufundishia ya chuo ilienea kwenye kabati moja: projekta ya karatasi za plastiki, kinasa sauti cha kanda, na skrini ya kitambaa yenye doa la chai ambalo kila mhadhiri wa Jiografia alilazimika kuwaeleza wanafunzi kuwa si ziwa. Yeye ndiye aliyeomba chumba, akakipata kile ambacho idara nyingine zote zilikuwa zimekikataa.

Kilikuwa chumba cha chini, kisicho na dirisha. Alizivika kuta zake magodoro ili kelele za nje zisiingie, na hapo ndipo studio yetu ilipozaliwa. Ukipiga makofi mle, sauti inafia kiganjani. Ukinyamaza kidogo unaanza kusikia damu yako ikitembea masikioni, na ukizidi kunyamaza unaanza kusikia mengine. Wahadhiri walirekodi mle mlango ukiwa wazi nusu, wakisingizia joto. Mama Swichi alikula chakula chake cha mchana mle, peke yake, taa nyekundu ikiwaka mlangoni, na akitoka alikuwa mchangamfu kama mtu aliyetoka kwenye mazungumzo mazuri.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kurekodi mihadhara na kutuma kanda kwa wanafunzi waliosoma huku wakifanya kazi mbali. Alisafisha sauti, alikata kukohoa, kusitasita, na vikombe vinavyogongana. Mhadhiri mmoja wa Baiolojia alipofariki, mjane wake alikuja kuomba amsikie marehemu. Mama Swichi akamwekea somo la moyo na mishipa ya damu. Mama wa watu akasikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu ni mwalimu," alisema. "Mimi namtaka yule anayekohoa na kuomba maji."

Vipande hivyo vilikuwa vimekwisha kukatwa na kutupwa. Mjane alishukuru, akaaga. Tangu siku hiyo Mama Swichi hakutupa tena alichokikata. Ana makabati mawili ya vikohozi na "samahani, nilikuwa wapi?", baadhi ni vya watu ambao wametangulia mbele ya haki, na amekuwa akivihamisha kutoka kanda kwenda sahani za CD, na kutoka sahani kwenda kwenye kompyuta, kila teknolojia ilipobadilika.

Kisha ukaja ule mwaka ambao vyuo vyote vilifungwa na wahadhiri wakalazimika kufundisha mbele ya kamera. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi majengo yalivyokuwa. Unapita kwenye korido isiyo na mtu, na kila mlango unatoa sauti ya mtu anayeuliza, "Mnanisikia?" Mhadhiri mmoja wa Sheria, mtu mkali ambaye wanafunzi humwogopa kuliko mtihani, alifundisha siku mbili akivitazama viti vitupu, na siku ya tatu akanyamaza katikati ya sentensi. Alisema baadaye kwamba alihisi viti ndivyo vinavyomtazama yeye. Mama Swichi alikuwa mlangoni na barakoa yake. Akaenda kuketi mstari wa mbele, akafungua daftari, akamwambia, "Endelea, mwalimu." Alisoma Sheria ya Mikataba mpaka muhula ukaisha, na hadi leo anasema wangempa mtihani asingefeli.

Lakini jambo ambalo kila anayemjua atataka lisimuliwe, na ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza tukiwa wachache chumbani, ni la mwanafunzi wa kiti cha nyuma.

Chuo kilikuwa kimefungua tawi katika mji mdogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Wahadhiri wa kupeleka huko hawakutosha, hivyo Mama Swichi aliunganisha kumbi mbili kwa kamera na skrini. Mhadhiri akisimama hapa, wa kule wanamwona ukutani. Naye anawaona wao kwenye skrini kubwa pembeni yake. Kamera ya tawini ilikuwa na akili zake. Ilitambua nyuso za wanafunzi, ikajaza mahudhurio yenyewe, na kila mwisho wa wiki ikamtumia kila mmoja ujumbe wa simu kumweleza alivyohudhuria. Uongozi uliusifu sana mtambo huo. Mama Swichi hakuusifu wala hakuuponda. Alisema tu kwamba ni mara yake ya kwanza kufunga kitu ambacho kinamwitikia mtu bila mtu mwenyewe kufungua mdomo.

Ilikuwa asubuhi, jua likiwaka, kipindi cha Lishe. Mhadhiri wa Lishe ni mtu mnene, mcheshi, asiyeamini kitu kisichopimika kwenye mizani. Mama Swichi humwita shemeji, kwa sababu tu mke wa bwana huyo na yeye wanasukwa na msusi mmoja. Alikuwa akieleza upungufu wa damu kwa akina mama wajawazito. Akauliza kama kuna mwenye swali, akaigeukia skrini ya tawi, akaona mkono umeinuliwa.

Kwenye kiti cha mwisho kabisa, pembeni ya dirisha, alikuwa ameketi mwanamke mwenye sweta la buluu na kitambaa cheupe kichwani. Mhadhiri alikuwa amemzoea. Kila kipindi alikaa vilevile, kidevu juu ya kiganja, macho mbele, bila kutikisika. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema neno. Akafurahi.

"Ndiyo, dada wa nyuma. Karibu, tunakusikiliza."

Kule tawini wanafunzi waligeuka nyuma, wakatazamana. Mmoja akacheka. Kiongozi wa darasa akaisogelea maikrofoni.

"Unamsema nani, mwalimu?"

"Huyo hapo nyuma yenu, wa sweta la buluu. Mkono bado uko juu. Mpelekeeni maikrofoni."

"Mwalimu," alisema kiongozi wa darasa, na sauti yake ilikuwa imepungua, "huku nyuma hakuna mtu."

Ukumbi wetu ulikuwa umejaa, na sote tulikuwa tunamwona. Mkono ulibaki juu, kiganja wazi, vidole vimetengana kidogo. Kijana mmoja wa tawini, mwenye kupenda kuchekesha wenzake, alitembea mpaka kwenye kiti kile na kukikalia, mikono kichwani kama mfalme. Kwenye skrini yetu tulimwona akija. Tulimwona akikaa. Na tulimwona yule mwanamke akiwa bado yupo, mabega yao yameingiliana kama nguo mbili zilizotundikwa kwenye msumari mmoja. Hapo ndipo mtu alipopiga yowe.

Mhadhiri wa Lishe aliizima skrini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akampigia Mama Swichi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo, Mama Swichi hakuuliza habari ya swichi. Pengine aliisikia sauti ya shemeji yake.

Wiki iliyofuata, tawini, wanafunzi walibanana kwenye mistari ya mbele mpaka wengine wakakaa sakafuni. Walisali kwa zamu. Mratibu wa tawi aliufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, kana kwamba aliyeingia kwa kamera angetaka kutoka kwa mlango. Na kila skrini ilipowashwa hapa kwetu, mwanamke alikuwepo. Mkono ulikuwa umeshuka. Alikuwa amerudi kwenye ukimya wake, kidevu juu ya kiganja, akitutazama sisi sote.

Mama Swichi alijifungia studioni na mitambo yake, na alipotoka alikuja na maelezo ambayo hata sisi wa vitabu tuliyaelewa. Mtandao wa tawini ni dhaifu. Ili picha isikatike, kamera haitumi kila kitu kila mara. Kitu kisichosogea inakiweka akilini, na mtandao ukilegea inakichora upya kwa kumbukumbu yake. Ilikuwa imejifunza ukumbi ule: ukuta, dirisha, viti. Na mtu mmoja, aliyekaa mahali pamoja kila siku bila kutikisika, hata mtambo ukamhesabu kuwa sehemu ya ukuta. Kijana aliyekikalia kiti alichorwa juu yake tu.

"Kwa hiyo si mzuka," alisema mkuu wa chuo, akipumua.

"Si mzuka, mkuu. Ni mwanafunzi."

"Basi ifute hiyo kumbukumbu, tuendelee na masomo."

"Nitaifuta," Mama Swichi alisema. "Ila kwanza mniambie ni nani, na yuko wapi."

Hakuna aliyeweza. Wanafunzi wenzake walibishana. Mmoja alisema dada yule aliacha masomo mapema. Mwingine alisema ni ndugu yake mratibu. Wa tatu akaapa kwamba kiti kile hakijawahi kukaliwa na mtu tangu tawi lifunguliwe. Mtambo peke yake ndio uliokuwa na uhakika. Ulikuwa umemwandika kuwa yupo, kipindi kwa kipindi, karibu muhula mzima, na kwa hesabu zake hakuna mwanafunzi wa tawi zima aliyehudhuria vizuri kumshinda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mtambo wetu ulikuwa umeigeuza methali kichwa chini: lake lote lilikuwepo, ila yeye ndiye hakuwepo, na kwa kuwa lake lilikuwepo hakuna aliyemtafuta.

Kutokana na rekodi hiyo ya mtambo, ofisi ya usajili ilitoa jina na namba ya simu. Mama Swichi akapiga, sauti ikiwa imewekwa juu, shemeji yake ameketi pembeni. Simu ikapokelewa. Hakuna aliyesema haloo. Kulikuwa na pumzi tu, na nyuma ya pumzi ngurumo nzito isiyokatika, kama lori linalopanda mlima usio na mwisho.

"Haloo, dada. Napiga kutoka chuoni."

Pumzi.

"Dada, unanisikia?"

Ngurumo. Kisha ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa tena, ikawa vilevile. Akatuma ujumbe, ulisomwa, haukujibiwa. Alipogeuka kumuuliza shemeji yake tufanyeje, kiti kilikuwa kitupu. Shemeji alikuwa amekwenda kunywa maji, na siku hiyo hakurudi.

Hata hivyo kesho yake alfajiri Mama Swichi alipofika kwenye gari la chuo, alimkuta ameshapanda.

"Darasa ni langu," mhadhiri alisema bila kumtazama. "Na nikibaki huku, nitamwona ukutani."

Anwani iliyoachwa usajilini ilikuwa ya mashine ya kusaga nafaka katika mji ule wa tawi, nyuma ya kituo cha mafuta. Dereva aliegesha barabarani wakaingia uchochoroni kwa miguu. Walikuwa hawajaliona jengo mhadhiri aliposimama ghafla. Ilikuwa inatoka mbele yao, kupitia kuta, kupitia ardhi, ikipanda kwenye nyayo za viatu: ngurumo ile ile ya kwenye simu.

Mwenye mashine alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope. Mama Swichi alilazimika kumpigia kelele sikioni. Ndiyo, alisema, mwanafunzi huyo ni mpwa wake, amemlea yeye. Amekulia hapa hapa mashineni tangu akiwa mdogo.

"Yuko ndani. Lakini msijisumbue, siku hizi ukimwita haitiki. Tangu aingie chuo amekuwa na kiburi huyo!"

Alikuwa amewapa mgongo, akifunga gunia, akiwa na sweta la buluu lililofifia kwa unga na kitambaa cheupe kichwani. Mama Swichi alimwita. Akamwita tena, kwa nguvu. Mwanamke aliendelea kufunga gunia, taratibu, kana kwamba yeye na wao hawakuwa chumba kimoja. Mhadhiri wa Lishe, mtu wa mizani, amekiri mbele yetu kwamba dakika ile alitamani asigeuke. Aliogopa uso ule ungekuwa bado picha.

Mama Swichi aliitazama mashine inavyotetemeka. Akamtazama mjomba anavyolazimika kupayuka. Kisha akazunguka, akasimama mbele ya yule mwanamke.

Mwanamke akaruka kwa mshtuko. Alipomwona mhadhiri nyuma yake, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko alivyoonekana kwenye skrini, macho yamechoka, na alikuwa hai kabisa. Mama Swichi akausawazisha unga uliotanda juu ya meza ya mizani kwa kiganja chake, akaandika kwa kidole: HUSIKII?

Alilisoma neno lile kwa muda mrefu. Machozi yakachora mistari miwili kwenye unga wa mashavu yake.

"Mwanzo nilikuwa nasikia kidogo," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyosema watu wasiojisikia wenyewe. "Sasa sisikii kabisa."

Mjomba wake alizima mashine. Wote wanasema kwamba kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kelele. Yeye peke yake hakujua kwamba kuna kilichobadilika.

Alieleza, wao wakiuliza kwa kuandika kwenye unga na yeye akijibu kwa mdomo. Masikio yalianza kumwacha kidogo kidogo, naye akaona aibu kusema. Alikaa nyuma ili asiulizwe. Alijaribu kuisoma midomo ya mhadhiri ukutani, lakini picha ilikuwa na ukungu na midomo ilichelewa. "Nikitikisika kidogo tu, unanipotea," alimwambia mhadhiri. Ndiyo maana alikaa kama jiwe. Mwisho maji yakazidi unga, akaacha kwenda.

"Wiki hiyo simu ikaleta ujumbe. Hongera, umehudhuria vipindi vyote. Nikasema wamekosea. Wiki nyingine ukaja tena. Hongera. Nikaanza kuogopa. Usiku najiuliza, kama mimi niko darasani, huyu anayefunga magunia ni nani?" Alijifuta uso kwa sweta. "Mlipopiga simu niliona namba ya chuo, nikapokea, nikanyamaza. Ujumbe wenu nikadhani ni wa mashine kama ule mwingine. Nikajisemea basi, mwache huyo asome. Pengine yeye anasikia."

Kisha mhadhiri wa Lishe akainama, na kwa kidole chake kinene akaandika: ULITAKA KUULIZA NINI?

Hakuelewa. Ikabidi waandike habari yote: asubuhi ile, skrini, mkono. Mwanamke alipomaliza kusoma aligeuka akatazama nyuma yake, pembeni penye giza la magunia, akarudi kuwatazama.

"Mimi sijawahi kuinua mkono," alisema. "Hata siku moja. Nilikuwa nauinua moyoni tu. Nilitaka kuuliza kama masomo yanaweza kuandikwa."

Mama Swichi, ambaye hatupi kitu, alirudi studioni akapitia kila kipande cha picha kilichobaki kwenye kumbukumbu ya kamera ile. Alimwona mwanamke akiingia, akikaa, akitazama, akitoka. Hakumwona popote ameinua mkono. Taarifa yake kwa uongozi ilieleza kila kitu kwa ufasaha, mpaka sentensi ya mwisho: "Kuhusu mkono, sijui." Mkuu wa chuo alimwomba aiondoe sentensi hiyo. Aliibakiza, na hadi leo ukimtania juu yake hacheki.

Kilichofuata ndicho kilichokijengea chuo chetu sifa. Mama Swichi alianza kuweka maandishi chini ya kila mhadhara. Mwanzoni yeye na wasaidizi wake waliandika kwa mkono, wakisikiliza sentensi moja moja. Baadaye wakapata programu ya kompyuta inayoandika yenyewe, nayo ikatupa vicheko vya mwaka mzima. Mhadhiri wa Lishe alisema "mama mjamzito ale mboga za majani", programu ikaandika "mama mjamzito alie, mboga za majini." Tawini, ambako watu walikuwa bado hawajasahau, nusu ya darasa ilitoka nje. Tangu hapo hakuna andiko linalokwenda kwa wanafunzi kabla jicho la binadamu halijalipitia.

Siku mwanafunzi yule aliporudi masomoni, Mama Swichi alisafiri naye mpaka ukumbini. Alikaa mstari wa mbele, maandishi makubwa yakipita chini ya mwalimu wake. Sisi huku tuliwasha skrini, na tukawaona wote wawili: mmoja mbele, akiandika, akitabasamu, na mwingine kule nyuma, dirishani, kidevu juu ya kiganja. Sweta moja. Uso mmoja.

Mama Swichi alikuwa amechelewa kuifuta kumbukumbu ile mpaka siku hiyo, makusudi. Hakutaka kufuta kitu ambacho mwanafunzi mwenyewe hajakiona. Kipindi kilipokwisha alimwita mwanafunzi kwenye kompyuta, akamwonyesha picha, akamwonyesha kitufe, akasogea pembeni. Mwanamke alijitazama kwa muda mrefu. Aliinua mkono akampungia. Yule wa nyuma hakupunga. Kisha akabonyeza, na kwenye skrini yetu tukaona ukuta, dirisha, na kiti.

Tangu hapo mtambo wa kujaza mahudhurio haujawashwa. Wahadhiri wanaita majina, na wanasubiri mpaka sauti ijibu au mkono upande. Wanafunzi wengine waliokuwa wakisikia kwa shida na kunyamaza walijitokeza, wengi kuliko tulivyodhani, na maandishi yale yamewafaa hata wale wanaosomea kwenye karakana na mabasi yenye kelele. Mwanafunzi wetu alihitimu na sasa ni afisa lishe katika kituo cha afya. Mjomba wake amewanunulia wafanyakazi wote vizibo vya masikio. Siku hizi ukienda mashineni, asiyeitika ni yeye mwenyewe.

Kitengo anachokiacha Mama Swichi kina wataalamu sita aliowafundisha kwa mkono wake, studio mbili mpya zenye madirisha, na masomo ya kozi zote za chuo yanayoweza kutazamwa, kusikilizwa na kusomwa. Anakwenda nyumbani kwa mumewe, fundi viatu, anayesema amekula chakula cha mchana peke yake miaka yote hii na sasa hajui wataongea nini. Binti yao ni mkunga, na amekwisha kumwandalia mjukuu wa kulea. Tunavyomjua bibi huyo, mtoto hatakosa wa kumsikiliza.

Wiki iliyopita vijana wa kitengo walimwomba aketi mbele ya kamera, aseme neno la kuaga lihifadhiwe, ili hata wa miaka ijayo wamwone. Waliandaa taa na kiti. Aliwashukuru sana, akakataa.

"Hapana, wanangu. Mkishakuwa nayo hiyo mtaizoea, mtasahau kuja. Mkinihitaji, bisheni hodi nyumbani. Nitanyanyuka niwafungulie."

Asante, Mama Swichi, kwa kazi yako, kwa uvumilivu wako, na kwa kukataa kufuta kabla ya kuuliza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba yenye vicheko. Nasi hatutapiga simu. Tutakuja.